Vinauzwa, Kasoro Zimetajwa

Tangazo la kwanza niliandika mara nne, na mara zote nne likatoka barua.

"Mwenzangu," akasema Mama Pacha, miguu kaipandisha kwenye kiti cha wateja kama saluni ni ya mama yake, "hapa unauza kitabu au unamwita mume?"

Nilikuwa namwita mume. Sikumficha, maana Mama Pacha hafichwi kitu. Huyo akikwambia jirani kanunua godoro, ujue godoro lenyewe bado liko dukani. Anauza mitumba mtandaoni, na ndiye aliyenigundulia kwamba mume wangu yumo kwenye kundi moja la watu wanaouziana vitabu vya zamani. Watu hao hawana mchezo. Mmoja anaweka picha ya riwaya ya upelelezi, jalada laini, karatasi zimekuwa rangi ya chai, na wenzake wanampongeza kama kaweka picha ya mtoto mchanga. Nami ninazo rafu nzima za vitabu vya namna hiyo juu ya vioo vya saluni, alivyoviacha yeye. Saluni yenyewe ndiyo sebule yetu, kwa hiyo nilikuwa navitazama nikila na nikifanya kazi.

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Ataona vitabu vyake vinauzwa. Moyo utamwenda mbio. Atapiga simu aseme, hicho usikiuze, nakuja. Akija, chai ipo, kiti kipo, mimi nipo.

Niwaeleze kidogo, msije mkadhani nililia kwa ajili ya mtu wa hivihivi. Alikuja kutengeneza draya. Fundi umeme, mfuko wa nyuma una bisibisi na riwaya, na riwaya ndiyo iliyokaa vizuri zaidi. Alipounga waya akawa anasubiri upoe, akatoa kitabu akaanza kusoma, midomo inacheza. Mteja aliyekuwa kwenye kiti akamwambia, "Kaka, kama unasoma, soma tusikie. Usile peke yako." Akasoma. Mpelelezi akaingia kwenye nyumba yenye giza, na saluni nzima ikanyamaza, saluni yangu mimi, ambayo haikunyamaza hata siku mwenye nyumba alipokuja kupandisha kodi. Kesho yake akarudi. Draya ilikuwa nzima.

Wakamwita Redio. Alikuwa na sauti ya kila mtu: ya mwizi, ya polisi, ya mjane mwenye gauni jekundu, na hiyo ya mjane wateja walikuwa wakimwomba airudie. Tukaoana. Sisi wenyewe tuliitana Fundi, yeye wa nyaya na mimi wa vichwa. Akirudi kazini alasiri anaoga, anakaa kwenye stuli karibu na ndoo ya maji, anasoma. Wanawake waliokuja kusuka mistari ya haraka walibadili mawazo wakataka rasta nyembamba, zile zinazokula siku, ili wajue nani kaua. Kuna mmoja nilimfumua nikamsuka upya kwa sababu sura ilikuwa haijaisha. Nyumba ilijaa. Mimi napenda nyumba iliyojaa. Nikisikia sahani moja tu inaoshwa nahisi kama kuna msiba.

Kisha akapata kazi ya kufunga umeme kwenye majengo mapya, mji wa pili. Akawa anarudi mwisho wa wiki, halafu mwisho wa mwezi, halafu akaja siku ya kazi, mchana, akijua nina wateja, akachukua nguo na sanduku la vifaa. Mbele ya watu mtu halii. Nikamuuliza, "Na vitabu?" Akasema, "Vyako hivyo, Fundi. Fanya navyo utakavyo." Umbea ulinifikia kabla vumbi la gari halijatua: anakaa na mama mmoja mwenye duka la dawa, hawana watoto, hawana wageni, nyumba kimya hadi unaisikia saa ya ukutani.

"Mtu anayeondoka moja kwa moja haachi vitabu," nilimwambia Mama Pacha.

"Mtu anayeondoka moja kwa moja anaacha kila kitu. Ndiyo maana ya moja kwa moja."

Lakini alinisaidia, tena kwa moyo. Piga picha dirishani, akasema, mchana, taa inadanganya rangi. Onyesha mbele, nyuma na mgongo. Na kasoro zote zitaje, maana mnunuzi wa mtandaoni akikuta doa usilolisema atakutangaza hadi kuzimu. Hapo kwenye kasoro ndipo barua ilikuwa inanitoka. Niliandika: "Gundi ya mgongo imeachia. Ukurasa wa katikati una doa la mafuta ya nywele. Muuzaji anaikumbuka siku hiyo, mvua ilinyesha, umeme ukakatika, na mtu fulani akamalizia kusoma kwa tochi."

"Nani kakuuliza unakumbuka nini?" Mama Pacha akaninyang'anya simu. "Andika doa. Basi."

Nikaandika doa. Kwenye bei sikumsikiliza. Niliweka bei ya kumfukuza mtu, maana sikutaka mnunuzi. Kila siku kitabu kimoja. Wanakundi wakacheka. "Dada, hiyo bei ni ya kitabu au ya kiwanja?" mmoja akaandika. Mwenzake akamjibu, "Ya kiwanja. Kitabu ndiyo hati."

Simu inaonyesha walioona tangazo. Jina lake lilikuwemo. Siku hiyo nilisuka huku natabasamu hadi mteja akaniuliza kama kuna mtu kaniahidi safari. Kesho yake, kaona. Keshokutwa, kaona. Nikawa naamka, hata mswaki sijagusa, naangalia kama kaona.

"Kaona tena," namwambia Mama Pacha.

"Kuona si kuja. Mimi naona ndege zinapita juu kila siku, nimepanda lini?"

"Anajizuia."

"Anajizuia na nini, wewe? La kuvunda halina ubani." Kisha akaniona uso, akashusha sauti. "Haya. Weka kile cha mjane. Akikiona kile akanyamaza, na sisi tufunge midomo."

Nikakiweka kile cha mjane mwenye gauni jekundu. Nilikifuta vumbi kwa kitambaa laini, nikakisimamisha dirishani kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kasoro: kona moja imekunjika, jalada limepauka. Bei nikaipandisha juu ya ile ya kiwanja.

Ujumbe uliingia nina kichwa cha mtu nusu. Mteja alikuwa mama muuza maziwa. Upande mmoja kasukwa, upande wa pili nywele zimesimama kama zimesikia habari. Simu ilikuwa kwenye meza ya mafuta. Nikaliona jina lake. Mikono yangu ina jeli hadi kwenye viganja.

"Mama Pacha, soma. Soma kwa sauti."

Akasoma kwanza kimya, nikaona midomo yake imebana.

"Soma basi."

"'Ndugu wanakundi,'" akasoma, "'mwenye vitabu hivi namfahamu. Ni dada mmoja mwaminifu sana. Kasoro alizozitaja ni za kweli na hazizidi hapo. Bei msiiogope, mkizungumza naye vizuri atashusha. Ni vitabu vizuri, msiviache.'" Na chini kaweka namba yangu ya simu, isiyo na kosa hata moja, na jinsi ya kufika hapa ukitokea stendi.

Muuza maziwa, ambaye hakujua nani kaandika, akasema, "Mbona kaongea vizuri hivyo. Watu kama hao wamebaki wachache."

Ndivyo. Angenitukana ningejua pa kushika. Angeniita mwizi wa vitabu vyake, ningepika siku hiyohiyo nikimsubiri aje tugombane. Lakini kanisifia. Kanipigia debe, kama unavyompigia debe jirani anayeuza mkaa mzuri. Dada mmoja. Nikarudi kwenye kichwa cha watu nikamaliza upande wa pili, na mistari ikatoka imenyooka kuliko ya kwanza. Mikono haina habari na mambo ya moyo. Mama Pacha, mtu asiyekosa neno hata matangani, akachukua ufagio akafagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Simu zikaanza kuita kabla sijanawa. Na watu wakaja. Kijana wa benki alitaka vya majasusi tu. Mama mmoja mstaafu wa posta alinusa kila kitabu kabla ya kulipa. Mtu na mchumba wake walinunua kile cha mjane, wakaanza kugombana hapohapo nani atatangulia kukisoma. Wote mlangoni neno lao moja: tumeelekezwa. Nyumba ikajaa jioni baada ya jioni, stuli hazikutosha, watu wakakalia ndoo zilizofunikwa, wakicheka, na wateja wangu wakicheka nao. Yeye ndiye aliyewaleta, kama zamani. Nami nikawa nashusha bei, kwa sababu alishawaambia nitashusha, na sikutaka aonekane mwongo.

Rafu ya juu ilipobaki wazi, nikaenda uani, nikasimama kwenye kamba ya nguo, nikampigia.

"Fundi," akasema, kwa upole uleule. "Vinakwenda?"

"Vinakwenda. Wewe hutaki hata kimoja?"

"Niliona haviuziki, nikasema nikusaidie. Kwenye bei ulikuwa umekosea."

"Sikukosea."

Mjinga hajawahi kuwa, nilimsikia akielewa. Na nyuma yake hapakuwa na kitu, si mtoto, si sufuria, si jirani anayeomba chumvi.

"Ungenipigia tu," akasema.

"Ungekuja?"

"Hapana."

"Lakini vitabu unavipenda, Redio."

"Navipenda. Ila hapo nilikuwa nasomea watu. Nikifika mahali pazuri, nataka nisimame kidogo nipaangalie, mtu anasema endelea. Huku nasoma kimya." Nikamsikia anatafuta la kunipunguzia. "Hamkunikosea. Mlikuwa mnanipenda wote."

"Mimi nilikupenda kuliko wote."

"Najua, Fundi. Lakini hatukuwahi kukaa wawili."

Nilitaka kumbishia. Nikatafuta jioni moja tuliyokaa wawili, nimtupie usoni. Nikatafuta nimeshika kibanio cha nguo, nakifungua na kukifunga. Nikaipata moja, ile ya mvua na tochi, halafu nikakumbuka kwamba tochi ilikuwa ya muuza maziwa, na alikuja na dada zake.

"Haya," nikamwambia. "Nina mtu ndani kwenye kiti."

"Nenda. Wasalimie."

Wasalimie. Nikaingia ndani nikawasalimia, maana nilitumwa.

Mnunuzi wa mwisho alikuwa mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, aliyekuja na begi tupu na kusema atachukua vyote vilivyobaki. Hakuwa na haraka. Alivaa miwani, akaketi kwenye stuli karibu na ndoo ya maji, akafungua kitabu kimoja kimoja kama mtu anayekagua matairi. Mama Pacha alikuwa kwenye kiti, namsuka yeye, kwa mara ya kwanza bila stori.

"Mama," mzee akaita. "Hii hukuitaja."

Nikaenda. Kidole chake kilikuwa pembeni mwa ukurasa, penye mstari mdogo wa penseli. Akafunua mbele: mwingine. Akachukua kitabu kingine: ipo. Nilikuwa nimepiga picha majalada na migongo, nimetaja madoa na kona zilizokunjika, na hiyo mistari sikuiona kuwa kasoro.

"Ni nini?"

"Ni pale palipoachiwa," nikasema. "Kitabu kilikuwa kikisomwa hapa, mzee. Mteja akimaliza kusukwa, msomaji anatia alama, kesho anaanzia hapo."

"Kwa hiyo hapa mtu alimaliza kusukwa?"

"Ndiyo."

"Na hapa?"

"Na hapo."

Akatabasamu, lakini akatikisa kichwa. Hakuwa mtu mbaya. "Mimi nikisoma sipendi kuonyeshwa pa kusimama. Bei sibishani nawe, nimeambiwa wewe ni mwaminifu. Nifutie tu hizi alama, nitavichukua." Akatoa kifutio kwenye mfuko wa shati. Kumbe wakusanyaji hutembea navyo.

"Mzee, nipe mimi," Mama Pacha akasema, akinyanyuka na kichwa nusu. "Nitafuta mimi, huyu ana kazi."

"Kaa," nikamwambia. "Muuzaji ni mimi."

Nikaketi sakafuni, vitabu vikiwa mapajani. Alama nyingine Redio alizitia kwa mkono mwepesi, zikatoka upesi. Nyingine alikandamiza, siku ambazo watu walimwambia asisimame, na hizo zilibaki kivuli hata baada ya kufutwa. Nikapuliza vumbi la kifutio, nikafunua ukurasa, nikaikuta nyingine.

"Polepole, mama," mzee akasema. "Karatasi za zamani huchanika."

Nikafuta polepole.