Kadi ya Vipepeo

Neno lilianzia dukani kwa Mwihaki, likamganda Hulda kama kupe. Ati jamaa mmoja huko Ainabkoi aliandika kwamba viwavijeshi wameingia kwenye ngano ya mkubwa fulani, akabebwa na Landrova mchana kweupe, na hajaonekana tena.

"Anaitwa nani?" Hulda aliuliza.

"Nani atataja jina, Mama Perez? Hata mimi hujanisikia." Mwihaki akageuka kupima sukari ya mtu mwingine.

Hulda alirudi bila chumvi aliyoendea. Binti yake wa pekee, Perez, ndiye aliyehesabu wadudu kwenye shamba kubwa la ngano na mahindi nje kidogo ya Eldoret. Mama na binti walikaa hapo hapo, kwenye laini, safu za nyumba za wafanyakazi.

Kila asubuhi Perez alishusha mtego wenye harufu ya kuvuta vipepeo wa usiku, akawamwaga juu ya gunia na kuwahesabu. Wakipita thelathini kwa siku, ni lazima dawa itafutwe, maana haziishi wiki mbili kabla ya viwavi kutokea. Hesabu aliiandika kwenye kadi kwa penseli, kwa kuwa umande wa huku huyeyusha wino. Kila Ijumaa tarishi wa ofisi ya kilimo alikuja na baiskeli kuichukua, na ofisi ndiyo iliyoleta dawa.

"Mama, leo ni sitini na tatu!" Perez alisema Alhamisi hiyo. "Juzi arobaini na moja, jana hamsini na mbili."

"Na Bwana Johnstone amesemaje?"

"Meneja? Ati wageni wa Nairobi wanakuja kuona ngano, hataki kelele. Nikamwambia vipepeo hawajaletewa barua ya wageni." Akacheka.

Hulda hakucheka. "Nyara, binti yangu, andika kidogo tu. Miaka hii mtu anafungwa kwa kusema mvua imechelewa."

"Ni wadudu, Mama. Si siasa."

"Wakitaka iwe siasa, utawakataza wewe?"

Perez akamwambia aache woga, kadi haina mdomo.

Ijumaa asubuhi, Perez akiwa bombani na ndoo, Hulda alichukua kadi na raba. Alikuwa amefika darasa la nne, na kazi yenyewe haikuhitaji zaidi ya hapo. Kwenye arobaini na moja alifuta nne, ikabaki moja. Hamsini na mbili ikawa mbili. Sitini na tatu ikawa tatu. Alijiambia amemwokoa mtoto.

Tarishi alipopiga kengele, Perez alimpa kadi bila kuitazama, mikono imejaa sabuni.

Siku zikaenda. Perez alisimama barabarani akingoja lori la dawa. Kisha akaingia kwenye mistari ya mahindi, akafunua majani ya katikati, akarudi mbio.

"Nimewaona! Wembamba kama uzi. Mbona dawa haiji, na kadi ilienda?"

Hulda aliinamia sufuria, akazidi kusonga ugali. Nafasi ilikuwa bado ipo. Kiwavi mdogo hufa upesi. Perez alikuwa amemwambia hivyo mara kumi. Hulda akapakua ugali.

Viwavi wakawa weusi, wakaanza kutembea. Ukisimama kando ya ngano uliwasikia wakitafuna, kama mvua ndogo juu ya majani. Walipomaliza ngano wakaingia vijishamba vya wafanyakazi, cha Hulda kikiwamo.

Johnstone alikuja na naibu wa chifu na askari wawili, kadi mkononi. Johnstone, licha ya jina la kizungu, alikuwa mtu wa kwao Hulda kabisa, wa upande wa ziwa.

"Moja. Mbili. Tatu. Sahihi hii ni ya nani?"

Perez aliitazama kadi, akamtazama mama yake. "Yangu."

"Basi ulificha wadudu. Hii inaitwa hujuma."

"Ni mimi!" Hulda alipiga kelele. "Mimi nilifuta!"

"Mama, rudi jikoni. Utajulia wapi mambo ya kadi?" naibu wa chifu alimkata.

Askari wakacheka. Johnstone hakucheka, sitini na tatu alikuwa ameisikia kwa masikio yake, lakini hakusema.

Perez alikaa ndani siku kumi na tisa. Alitoka amekonda, kazi imekwisha, akakunja nguo zake aende kwa shangazi yake Moi's Bridge.

"Ungeniogopea kwa mdomo, Mama," alisema mlangoni. "Si kwa raba."

Hakurudi hata Krismasi.

Mwezi uliofuata kuondoka kwake, shambani waliandika kazi msichana mwingine, Chepkorir. Hulda alirarua karatasi ya daftari, akamwandikia, akampelekea mwenyewe hapo mtegoni:

Usiandike kwa penseli. Wino ukilowa, andika upya.

Usiiache kadi nyumbani, hata kwa mama yako.

Usimpe tarishi kadi kabla hujamsomea kwa sauti.

Usimwambie meneja hesabu mkiwa wawili tu.

Usingoje dawa zaidi ya siku tatu. Nenda ofisini kwa miguu.

Usihesabu viwavi pembeni mwa shamba tu. Ingia katikati.

Usitie sahihi mapema. Hesabu kwanza, soma, ndipo utie.