Nyuma ya Nyumba ya Petronila

Tangu ziwa limchukue Leonardi, mwanawe wa pekee, Matrida hakufungua tena dirisha la mbele. Nyumba yao ya Kamunyonge, Musoma, ilitazama maji, na hata waliokuja kuhani walisimama barazani wakajisahau: "Mnakaa pazuri, jamani." Maiti haikupatikana. Usingizi ulimtoroka Matrida, chakula kikawa udongo mdomoni.

Dada yake, Petronila, alipoona anazidi kukonda, akamchukua kwake Butiama. Huko hakuna mgeni ambaye angesimama kutazama: mawe kilimani, mihogo, ng'ombe wakirudi na vumbi lao. Matrida alikaa nyuma ya nyumba akiwafuata ng'ombe kwa macho. Hakuna aliyemwambia ajikaze. Asubuhi moja akaomba jembe. Usiku ule alilala mpaka jua likamkuta kitandani.

"Nimeota mihogo tu, dada," alisema, na wote wawili wakalia.

Mvua zilipokatika, mumewe Isaya alikuja. Alikuwa amedhoofu, matope ya ufukweni yamemkaukia miguuni.

"Turudi nyumbani, Mama Leo."

"Njoo wewe huku. Dada atatupa mahali tulime."

Isaya alilitazama bonde kama anayetazama ukuta. "Hapa nitaona nini? Kule kila asubuhi nashukaga majini. Siku akitoka, nani atampokea?"

"Hatoki, Baba Leo."

"Usiseme hivyo!"

Kwa kumhurumia, Matrida alifunga nguo zake wakashuka barabarani. Gari la Musoma liliposimama, Matrida akarudi nyuma.

"Siwezi. Nikiliona lile ziwa nitaingia."

Isaya alimrudishia furushi lake, akapanda peke yake.

Kabla ya msimu wa kupanda, jirani wa Kamunyonge alipiga simu. Isaya alikuwa ameonekana alfajiri majini, maji yamemfika kifuani, akiita. Yeye alipatikana.

Ndugu zake walitaka kumzika kijijini kwao Suguti, kando ya baba yake, bondeni kwenye mashamba. Matrida, aliyekwenda huko uso wake umefunikwa kanga, akawapigia magoti.

"Mpandisheni pale juu, ziwa linapoonekana. Yeye bila maji hatulii."

Walikubali. Kaburini alisimama ameligeuzia ziwa mgongo mpaka udongo ukasawazishwa.

Alirudi Butiama. Usingizi haukurudi naye. Kulipokucha akachukua jembe, akaenda kulima hivyo hivyo.