Miraba Miwili Mitupu

Mzee Munga alikuwa na desturi moja: hakuandika neno kwa wino mpaka lipate shahidi. Miaka thelathini ya ukarani wa kuhesabu mizigo bandarini ilimfunza kuwa gunia lililoonwa na jicho moja halijashushwa. Ndiyo maana, hata katika fumbo la maneno la gazeti la Jumamosi, jibu la mlalo lilisubiri likutane na la wima, ndipo kalamu yake ya buluu iguse karatasi.

Asubuhi hiyo, barazani kwao Mishomoroni, bintiye Nyamvula alimsomea maswali huku akichambua mchicha. Macho yake hayakuwa kwenye mchicha. Yalikuwa kwenye midomo ya babake.

Mwezi wa tatu mzee alipatwa na kiharusi chepesi. Mkono ulirudi, mguu ukarudi, lakini muuguzi aliwaambia wakati wa kutoka hospitali: “Mwangalieni maneno. Akianza kulizunguka neno asiweze kulitaja, msingoje.” Kauli hiyo ilimkaa Nyamvula kooni kama mwiba wa samaki. Na sasa begi lake lilikuwa limefungwa, liko nyuma ya mlango. Baada ya miaka miwili ya kupeleka maombi ya kazi, alikuwa amepata shule ya kufundisha, kule Lodwar. Basi lilikuwa kesho. Mama alikwisha kufa. Kaka yake Gona alikuwa dereva wa lori, na barabara ilimwona kuliko nyumba. Kama akili ya Baba ilikuwa inaondoka, basi yeye haondoki.

“Upanga wa jogoo, herufi nne,” alisoma.

“Undu. Hilo nalo swali? Wanatuona watoto.”

“Mtoto wa nyuki. Nne pia.”

“Jana. Nyinyi wa chuo kikuu mlifundishwa hilo?”

“Mimi nilisoma jiografia, Baba.”

“Ndiyo maana unapotea soko la Kongowea.”

Nyamvula akacheka, na moyo ukamtulia kidogo. Akashuka kwa kidole. “Wima, saba. Shida, mashaka. Herufi nne.”

Mzee alikuna kidevu.

“Dhiki,” akasema mwishowe.

“Hiyo ni tano.”

“Basi adha.”

“Inaanza na T, Baba, ile ya tanga. Na mwisho ni U ya undu. Imebaki miraba miwili tu katikati.”

Mzee aliigeuza kalamu, akakitazama kifuniko chake kana kwamba jibu lingekuwa mle. “Udhia,” akasema polepole. “Karaha. Unaona, yote ni mamoja.”

“T, Baba. T mwanzo.”

“Hilo si langu. Nenda la nane.”

Nyamvula aliuweka mchicha chini. Neno hilo analijua mtoto wa darasa la kwanza. Mtu ajuaye undu hulikosa vipi hili? Akajaribu tena, kwa sauti ya kawaida ambayo yeye mwenyewe alisikia si ya kawaida. “Mtu akihangaika sana, tunasema amepata nini?”

“Amepata shida.”

“Na zaidi ya shida?”

Mzee akavua miwani. “Nyamvula.”

“Abee.”

“Unanipima?”

“Hapana, Baba.”

“Mimi nimehesabu meli nzima za mchele. Usinipime.”

Nyamvula akainuka na ungo wake wa mchicha, akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama penye tangi la maji. Amelizunguka neno mara nne, aliwaza. Dhiki, adha, udhia, karaha. Msingoje, alisema muuguzi. Akampigia simu nyanyake mzaa mama, kule Kaloleni.

“Shikamoo, Hawe.”

“Marahaba, mke mwenzangu! Kwani hujapanda basi?”

“Sipandi, Hawe. Nataka uje wewe ukae na Baba. Hata wiki mbili tu.”

“Mimi? Nije nilale nyumbani kwa mkwe wangu? Unataka watu wanicheke mpaka kaburini?”

“Baba anaumwa, Hawe. Maneno yanampotea.” Hapo machozi yakamtoka. “Tulikuwa kwenye fumbo. Neno jepesi kabisa, amelizunguka, ameshindwa.”

“Neno gani?”

“Tabu.”

Nyamvula alidhani simu imekatika. Kisha akasikia kicheko, kicheko kirefu cha bibi asiye na meno mengi.

“Wee mtoto! Na wewe unanitaja hivyo hivyo, mkavu?”

“Nani amekutaja?”

“Hilo si jina langu? Nilizaliwa mwaka wa njaa, unafikiri wangeniita Starehe? Babako hajalitaja tangu siku aliyokuja kuposa. Mkwe hatajwi. Hajalisahau, anaruka kando kama mtu aonaye moto.”

Kwa Nyamvula alikuwa Hawe tu, na kanisani walimwita Mama Winfred, kwa jina la mwanawe. Jina la kitambulisho aliliona siku moja, akalisahau. Sasa mambo yalianza kumrudia. Baba hupata shida, hupata mashaka, hajawahi kupata lile jingine. Kanisani, wimbo ukilifikia neno hilo, Baba hukohoa au huinama kutafuta miwani iliyo usoni pake.

Hata hivyo hofu haikutoka. Huenda Hawe alikuwa anamliwaza tu. Gunia lililoonwa na jicho moja, alikumbuka, na akaingia ndani kutafuta shahidi wa pili.

Baba hakutupa magazeti. Yalikuwa chini ya kitanda, yamefungwa kwa kamba. Nyamvula alipiga magoti, akayafungua moja moja, vumbi likimpalia. Gazeti la mwaka jana, miezi mingi kabla ya kiharusi: fumbo limejaa lote isipokuwa neno moja. Akasoma swali. Udhia, mashaka. Herufi nne. Akachimba zaidi, mpaka miaka ya Mama. Fumbo lote wino wa buluu, na katikati neno lile lile kwa penseli, mwandiko wa kulala ambao angeutambua popote.

Alikaa sakafuni muda, gazeti kifuani.

Aliporudi barazani mzee hakumtazama. Nyamvula akaomba kalamu, akaandika A, akaandika B. Mzee alifuata mkono wake mpaka mwisho.

“Mama yako ndiye aliyekuwa akiniandikia hilo,” akasema.

“Ungeniambia, Baba.”

“Ningekuambiaje bila kulitaja?” Akavaa miwani. “Na wewe ulikuwa unaniangalia kama mgonjwa. Nikaona haya.”

“Niliogopa. Nilitaka nisiende.”

“Na mimi naogopa. Kila asubuhi kabla sijanyanyuka nahesabu majina ya meli.” Akasita. “Yapo moja mawili siyapati. Hilo nakuambia kweli.”

Mwiba uligeuka kooni, haukutoka. Nyamvula alimshika mkono, ule uliorudi.

“Basi uwe unanipigia simu. Kila Jumamosi.”

“Nikusomee swali, wewe utaje?”

“Mimi nitaje. Na yale yanayokupotea kweli kweli uniambie, usinifiche.”

Mzee alifikiri, kama aliyeletewa karatasi ya kutia sahihi. Kisha akamrudishia gazeti. “Haya, la nane. Lakini begi lako nimeliona zipu imeachia. Ulifunge vizuri, basi halimngoji mtu.”