Bati Lililojaa Wakubwa

Chumba chetu cha kusomea pale Mfaranyaki kilikuwa na vitabu viwili. Kimoja cha kutengeneza trekta, kingine kimeliwa na mchwa mpaka ukurasa wa arobaini. Nilikuwa nimeshavisoma vyote. Sasa ikaja barua: mama mmoja Mzungu anatoka Dar na maboksi sita ya vitabu, atapita Jumamosi, tuweke tu kibao barabarani apaone. Mimi chakula kilinishinda kwa furaha.

Kamati ikasema kibao kiwe cha Kiingereza. Mwaka ule wa tisini na tatu hata kibanda cha chipsi kilikuwa na kibao cha Kiingereza. Mjomba Egidi, fundi wa vibao, akaleta bati, akaniambia nimwandikie maneno kwenye karatasi kwa kuwa niko kidato cha pili. Nikaandika jina la chumba, Mfaranyaki, Songea, halafu chini kwamba kimefunguliwa na mwenyekiti, katibu na mhazini.

Mzee Polikarp, mwenyekiti, akavaa miwani.

"Odilia, mbona Songea imepewa herufi kubwa?"

"Jina la mahali lazima, babu."

"Mfaranyaki nayo kubwa. Na mwenyekiti?"

Nikaangalia vidole vyangu vya miguu. "Ndogo, babu."

"Ndogo! Mfaranyaki yenye madimbwi ipewe kubwa, mimi mwenye wajukuu kumi na moja nipewe ndogo?"

Nikamweleza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, kwamba kwa Kiingereza cheo kikitembea peke yake kinaandikwa kwa herufi ndogo. Kikitangulia jina la mwenyewe ndiyo kinapata kubwa.

"Basi kitangulize!"

Mama Notburga, katibu, akasema na yeye hivyo hivyo, tena na jina la ubatizo, la baba na la mume. Mzee Kassian, mhazini, akataka na vyeo vyake vya zamani viwekwe, ukarani wa ushirika na ulezi wa kwaya. Niliona kabisa bati halitoshi. Nikaandika tu kila walichotaka.

Mjomba Egidi ana namna yake ya kazi. Anapanda kwanza herufi kubwa zote, kama mtu anayepanda mahindi, halafu ndogo zinaingia katikati kama maharage. Akaanza na wakubwa, kwa heshima. Alipofika kwenye jina la chumba, bati limekwisha.

"Mjomba, atajuaje ni hapa?"

"Akiona wakubwa wote hawa atajua ni mahali pa maana."

Jumamosi gari jeupe likaja. Likapunguza mwendo mbele ya kibao, likapita. Likarudi, likapita tena.

"Mbona hasimami?" Mama Notburga akauliza.

"Anasoma," Mjomba akasema. "Ni mengi."

Lilipogeuka mara ya tatu Mzee Kassian akapunga kofia. Dereva akatoa kichwa dirishani. "Samahani wazee! Tumekatazwa kusimama kwenye ofisi za vyama vya siasa!" Akakanyaga mafuta.

Vitabu vyangu hivyo vinaondoka. Lakini nilijua kule mbele daraja limechukuliwa na mvua, lazima warudi. Nikachomoa bati kwenye nguzo, nikaligeuza, nikaokota chaki ya Mjomba, nikaandika jina la chumba na la mahali, basi.

"Wee Odilia, unatupindua!" Mzee Polikarp akapiga kelele.

Nikakimbia nikasimama katikati ya barabara, bati kifuani, macho nimefumba. Nikasikia breki, halafu honi, halafu mtu anacheka. Nilipofumbua, mama Mzungu alikuwa ameshashuka, ananisemesha Kiingereza. Changu chote kilikuwa kimekimbia, nikamwonyesha mlango kwa kidole. Wakashusha maboksi yote sita.

Jioni Mzee Polikarp alikuja kuliangalia bati pale kwenye nguzo.

"Mimi niko wapi?"

"Upande wa nyuma, babu."

"Kwa rangi ya mafuta?"

"Ndiyo."

"Na Songea imeandikwa kwa chaki?"

"Ndiyo, babu."

Akatazama mawingu upande wa Peramiho, akatabasamu. "Basi tungoje mvua, tuone nani mkubwa."

Mvua imeshanyesha mara nne. Kila ikikatika natoka na chaki yangu, naiandika Songea upya, halafu narudi ndani kusoma.