Pumzi za Kukodi

Kompyuta ya studio ilikuwa ikitunga na kuimba nyimbo tatu kabla ya chai ya saa nne, zote zenye kuchezeka, na zote zenye kasoro moja: mwimbaji wake hakuvuta pumzi. Wasikilizaji walilalamika kwamba zinawabana kifua. Ndipo mwenye studio alipomwajiri mwitikiaji, mwanamke wa makamo aliyezeekea nyuma ya waimbaji wengine, aje kupumua.

Akapumua. Miezi minane alisimama mbele ya maikrofoni akivuta pumzi za huba, za majonzi, hata za kukimbilia mpenzi ngazini, na kompyuta ikazipachika katika kila wimbo wake.

"Kazi gani hiyo, mwanangu?" mama yake aliuliza.

"Napumua, mama."

"Na mshahara wanakupa? Basi mimi nimefanya kazi bure miaka themanini."

Mama huyo, ambaye miguu ilikwisha kumsaliti na redio ndiyo iliyokuwa jirani yake, alikuwa na haja moja: kabla hajafumba macho, asikie mtangazaji akilitaja jina la mwanawe. Kwa hiyo mwitikiaji akatunga wimbo wake mwenyewe, akaurekodi kwa gitaa tupu, akaupeleka redioni.

Ofisa wa muziki aliusikiliza hadi mwisho, akajifuta macho. Kisha akaupitisha kwenye programu ya ukaguzi, kwa maana kituo kilijiwekea sharti tukufu la kurusha kazi za wanadamu peke yao. Skrini ikaandika: mashine, asilimia tisini na sita.

"Inatambua kwa pumzi," ofisa alieleza kwa upole. "Nyimbo za mashine zote zinapumua hivihivi."

"Hizo ni pumzi zangu, kaka."

"Mimi nakuamini, dada. Asiyekuamini ni huyu," akaionyesha skrini.

"Nikuimbie hapahapa?"

"Utaimba, nitalia tena, naye hatabadilisha neno." Akafikiri. "Labda urudie kurekodi, ila usipumue."

Alisema hivyo kwa nia njema kabisa.

Mwitikiaji akatoka, akaketi kwenye benchi la ukumbini, akampigia mama yake simu.

"Nimefungulia tangu asubuhi," mama alisema. "Bado zamu yako?"

"Zima redio, mama. Weka simu sikioni."

Akakohoa kidogo, akaikaza sauti kama watangazaji, akataja jina lake, la baba yake na la babu yake. Halafu akaimba, na kila palipohitaji pumzi akavuta.



"Huyo mtangazaji," mama alisema hatimaye, "mwambie alirudie jina."