Maji ya Chini Yana Chumvi

Mjomba Kassimu aliposema kwamba baada ya Ijumaa tutamsalia Nuhu sala ya ghaibu, ya maiti asiyeonekana, na msako uishe, nilitoka ndani nikasimama katikati ya wanaume, msiba umejaa watu.

"Haisaliwi," nikasema. "Mdogo wangu hajatafutwa."

"Hajatafutwa?" Thabiti akaruka. Ndiye aliyekuwa naye mlangoni mwa mto, wavu ulipomnasa Nuhu mguu ukazama naye, vyuma vya risasi vya wavu vikimvuta chini. "Dada Mwasiti, tumefika mpaka pwani ya Msimbati! Macho yametuvimba kwa jua."

"Msimbati mlifuata nini?"

"Mto unakwenda baharini. Kila mtu anajua."

Kila mtu anajua! Neno hilo nimelishwa tangu alipozama, mpaka nimevimbiwa. Kisha Thabiti akanionyesha video kwenye simu. Walitupa nazi pale pale alipozama, wakaifuata na boti, nayo ikaelekea baharini. Jamani! Nazi inaelea. Nuhu alielea? Mdogo wangu ni nazi?

"Mwasiti, punguza sauti," Mjomba akasema. "Mama yako anasikia."

Asikie. Mama alikuwa mkekani hali wala halali, na kila nikimpelekea uji ananiuliza jambo moja tu: kaburi la mwanangu litakuwa wapi? Nimjibu nini? Aende akamsomee Yasini ufukweni?

Niliondoka pale kwa hasira. Huku kwetu, chini ya kijiji cha Kitaya, kiangazi kikikolea mto unapungua na bahari inaingia. Maji ya kunywa tunachota kwa kata, juu juu, taratibu. Ukizamisha ndoo imekula kwako, chai yote chumvi. Watoto wanachapwa kwa hilo.

Nikachukua dumu dogo, nikalifunga jiwe, nikaliziba kwa gunzi lenye kamba. Nikasukuma mtumbwi hadi katikati ya mto, nikalishusha. Lilipogusa tope nikavuta gunzi, likajaa. Nikarudi msibani nikammiminia Mjomba kikombe.

Akapiga funda moja, akatema. "Astaghfirullah! Umenitilia chumvi?"

"Sijatia kitu. Nimeyatoa chini ya mto. Hiyo chumvi imetoka wapi, Mjomba?"

"Baharini, wapi tena?"

"Imepandaje mpaka hapa?"

Akayatazama maji kikombeni.

"Ya juu yanashuka, ya chini yanapanda," nikasema, na sauti sikuipunguza. "Maji hayo mnayanywa kila siku, mnagombeza wake zenu kwa ajili yake, halafu mnafuata nazi! Nuhu yuko chini. Maji ya chini yameukokota wavu kama kanga iliyoloa, umepanda naye. Mtafuteni huku!"

Thabiti akainuka, akaenda kutafuta kulabu. Mjomba akaweka kikombe chini akamfuata.

Walianza mlangoni wakapanda mto polepole, kulabu ikikwaruza chini. Mimi nilibaki ukingoni nikiwafokea kila walipoinua kamba mapema. Jua lilikuwa linapinda kulabu ilipokwama. Thabiti akavuta, akavuta tena, halafu akaanza kulia kwa sauti, nikajua.

Wanaume walimzika kwenye mikorosho ya babu. Mama sasa anajua mwanawe yuko wapi, na jana alikunywa uji.

Watu wananiambia hongera, Mwasiti, una akili. Akili gani? Waniache! Wavu ulikuwa umenasa kwenye mizizi ya mkoko ule ule ninaoushika nikiinama kuchota maji. Siku zote zile, asubuhi na jioni, niliinama juu ya mdogo wangu, kata mkononi, nikichota juu juu, taratibu, nisiyatibue ya chini.