Gurudumu Jekundu la Wílmar Ospino

Wílmar Ospino alilibusu lile gurudumu la kukunjia waya. Sitii chumvi. Alipanda jukwaani saa nane mchana, Jumapili ya Kanivali, mtaa mzima ukimtazama, akainama na viatu vyake vyeupe na kuliwekea mdomo kama askofu anayebusu altare. Watu wakapiga makofi. Wangepiga makofi hata kama angebusu ndoo ya kudekia. Baba yangu, aliyekuwa ameketi safu ya mbele kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti, hakupiga. Mimi nilipiga.

Wílmar alikuwa na picó. Hapa Barranquilla hakuna mtaa usio na mashine yake ya muziki, spika ndefu kuliko mlango, zilizopakwa rangi za kuumiza macho na kupewa jina la kutisha. Ya Wílmar iliitwa El Tigre Sordo, Chui Kiziwi, na kwenye kitambaa cha spika alichorwa chui mwenye meno mengi kuliko aliyopewa na Mungu. Jina lilimfaa zaidi mwenye mali. Wílmar aliuza vigae vya bafuni, na muziki aliusikiliza kwa masikio ya muuza vigae: kitu kinang'aa au haking'ai, basi. Picó aliirithi kwa baba mkwe wake, na pamoja na picó akamrithi baba yangu.

Baba, Evaristo Padilla, alikuwa mtu wa nyaya kwa miaka ishirini na miwili. Kazi yake ilianza kabla ya wimbo wa kwanza na kuisha baada ya wimbo wa mwisho, kwa hiyo hakuna aliyeiona. Alikuwa ametengeneza magurudumu saba ya mbao kutokana na kabati la bibi lililoanza kuliwa na mchwa: duara mbili za mbao, mhimili katikati, na mkono wa cherehani kuukuu wa kuzungushia. Kila waya ulikuwa na gurudumu lake, na kila gurudumu lilikuwa na kitambaa cha rangi yake, ili hata mlevi aweze kulirudisha mahali pake. Walevi hawakuwa haba kwenye picó. Ila sikuwahi kumwona baba akihangaika na fundo.

Jambo moja hakulifanyia mzaha. Kabla ya kuwasha, alilifungua lile gurudumu kubwa la waya wa umeme mpaka likabaki mbao tupu. Mita hamsini zote, hata kama soketi ilikuwa hatua tatu kutoka jukwaani. Aliulaza waya chini nyuma ya spika, kwa mizunguko mipana isiyogusana, kisha akaugusa kwa kiganja kila nusu saa, kama mama anayepima homa.

"Gurudumu ni la kulalia, Delcy," alinieleza nikiwa bado shuleni. "Mashine hii inakula umeme mwingi. Waya ukiwa umejikunja, joto lake halina pa kutokea. Unajipika wenyewe."

Wílmar hakuvumilia kuuona waya chini. Aliona aibu mbele ya wageni wake, wauza vigae wenzake, ambao naamini walikuja kwa ajili ya ramu na si kwa ajili ya nyaya.

"Mzee Evaristo," alisema siku moja, akiugusa waya kwa ncha ya kiatu, "hizi nyaya zako zimetapakaa kama utumbo wa nguruwe."

"Nguruwe bila utumbo hali, bosi."

Tulicheka sote, na nadhani hapo ndipo baba alipoponzwa. Wílmar angeweza kusamehe wizi, hata ngumi. Kuchekwa hakuweza.

Mwezi mmoja kabla ya Kanivali alirudi kutoka Maicao na gurudumu la chuma, jekundu, limefunikwa pande zote, na ndani lina springi. Unavuta waya, unakuja. Unaachia kidogo, unarudi wenyewe ndani kwa mlio wa tui! Alituita wote dukani akatuonyesha mara kumi. Tui! Tui! Alimwita mchoraji alichoree chui ubavuni. Mtu mzima, mwenye ndevu, anacheza na waya kama paka na uzi.

"Unavuta unaoutaka tu," akasema. "Unaobaki unakaa ndani. Usafi huo, au nadanganya?"

"Huo unaobaki ndani utapumulia wapi?" baba akauliza.

"Ala! Kumbe waya unapumua, mzee? Na kukoroma unakoroma?"

Safari hii waliocheka walikuwa wauza vigae.

Juma lile lile Wílmar alinisimamisha nje ya duka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nina cheti cha mwaka mmoja cha ufundi wa umeme, mama amekitia fremu sebuleni. Akaniambia mimi ni msichana wa kisasa, baba yangu amechoka, na El Tigre Sordo inahitaji sura mpya jukwaani. Hakuniuliza kama najua lolote. Nami nilijua. Jambo lile baba alilokuwa akiliangalia kwa kiganja, darasani tulifundishwa kwa namba, na kwenye mtihani nililipata swali lake bila kufikiri. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Nilitaka kuonekana, sina maelezo mengine. Nilitaka wavulana wa mtaa wetu, Rebolo, waseme, yule pale jukwaani ni Delcy.

Nilipomwambia baba, alikuwa akipaka mafuta mhimili wa gurudumu lake ambalo halingetumika tena.

"Vaa viatu vya mpira," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Basi Jumapili ile tulishindana na picó kutoka mji jirani wa Soledad, El Sepulturero, yaani Mchimba Kaburi. Picó mbili zikikutana hupokezana nyimbo, na ile itakayozimika imeaibika mpaka Kanivali ijayo. Mchimba Kaburi alikuwa na santuri ya kengele za kanisa, zile za mazishi, aliyoitunza kwa ajili ya saa hiyo tu. Wílmar naye alikuwa na silaha yake: santuri ya gitaa kutoka Afrika, lebo yake imekwanguliwa kwa msasa ili mshindani asijue jina la mwimbaji akaenda kuitafuta. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua yule mwimbaji anasema nini. Gitaa likianza, hata vikongwe walisimama.

Soketi ilikuwa kwa Doña Ubaldina, aliyekuwa akikaanga mihogo kando ya jukwaa, mtungi wake wa gesi nyuma ya spika zetu. Nilivuta mita tatu za waya. Mita arobaini na saba zikabaki ndani ya chuma, zimejibana. Wílmar akalibusu gurudumu lake, nasi tukawasha.

Kufikia saa kumi tulikuwa tunashinda. Watu walikuwa weupe pe kwa ule unga wa mahindi tunaopakana usoni wakati wa Kanivali, wamejaa mpaka kwenye mapaa. Nikaweka kiganja juu ya yule chui wa ubavuni mwa gurudumu. Nikakiondoa haraka. Rangi ilikuwa imeanza kulainika, na harufu ya mpira ilikuwa ikitoka kwenye tundu la waya.

"Bosi," nikamwambia Wílmar sikioni, "gurudumu lina moto. Tuzime dakika tano niutoe waya wote."

"Tuzime? Umetumwa na watu wa Soledad?"

"Bosi, litaungua."

"Ni jekundu, mama. Ulitaka liwe baridi?"

Wageni wake wakaangua kicheko, mmoja akanipaka unga puani. Plagi ilikuwa hatua tatu kutoka nilipokuwa. Nilisimama pale pale nikitabasamu, nikijiambia kuwa nimeshasema na sasa lawama si yangu. Wílmar akaweka ile santuri ya Afrika.

Sijui baba alivyoisikia harufu ile kupitia mafuta ya mihogo, ramu, jasho na unga. Nilimwona akiinuka. Hakukimbia. Aliomba njia kwa kila aliyemzuia, samahani, samahani kaka, mpaka akafika nyuma ya spika, akainama kwa tabu kwa sababu ya mgongo, akaing'oa plagi.

Chui alinyamaza katikati ya gitaa.

Kisha mtu mmoja juu ya paa akapaza sauti, "Ameanguka!" na mtaa mzima ukaitikia, "Ameanguka!" Upande wa pili Mchimba Kaburi, bila haraka, akapiga kengele zake.

Wílmar alinyakua maikrofoni, lakini maikrofoni nayo ilikuwa imekufa, ikambidi atumie sauti aliyozaliwa nayo. Ilikuwa nyembamba.

"Nani kazima? Nani?"

"Mimi," baba akasema.

"Mnamwona? Wivu! Mzee ana wivu na chombo cha watu!"

"Lina moto. Njooni mguse."

Hakuna aliyekuja. Wílmar alikuwa amesimama mbele ya gurudumu lake, mikono ameitanua, kama vile baba ametaka kumvua suruali. Kisha akanigeukia, na uso wake ukatulia. Muuza vigae anajua lini mteja amenasa.

"Hapa tuna fundi mwenye cheti," akasema. "Delcy. Binti yake mwenyewe. Sema watu wasikie. Lilikuwa na moto, au halikuwa?"

Hata kengele zilikoma, kwa kuwa watu wa Soledad nao walitaka kusikia. Baba alinitazama. Hakuwa na wasiwasi wowote, na hilo ndilo ambalo hata leo linaninyima raha. Alikuwa mtulivu kabisa, kama mtu ambaye shahidi wake ni damu yake.

"Lilikuwa vuguvugu, bosi," nikasema. "Kawaida tu."

Baba akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anayekubali bei. Mtu akamrushia unga usoni, kiganja kizima. Alifuta macho tu, akashuka, akaomba njia tena, samahani, samahani kaka, akaenda zake nyumbani kwa miguu. Muuza soseji wa kona, ambaye baba alimtengenezea taa za mkokoteni bure miaka mitatu mfululizo, alimsindikiza kwa mbinja ya kuiga zile kengele za mazishi.

Wílmar bado yu hai, bado anauza vigae, na kumdharau kwangu ni starehe. Namdharau asubuhi kabla ya kahawa. Nawadharau wauza vigae wenzake, muuza soseji, wale wa juu ya paa, mtaa wote ule unaojiita wa wajuzi wa muziki na hauwezi kunusa mpira unaoungua. Kwao nina maneno mengi ya kuchekesha, na watu huyapenda nikiyasema. Nikifika kwa yule msichana wa miaka kumi na tisa mwenye unga puani, maneno ya kuchekesha yananiishia.

Baba aliishi miaka tisa baada ya hapo. Akipita kwenye kona, vijana walipiga mbinja ya kengele, hata watoto waliokuwa wachanga siku ile na hawakujua mbinja hiyo imetoka wapi. Aliacha kwenda kucheza domino. Alikuwa akisema haimpendezi tena. Alipokufa, kwenye matanga nilimsikia jirani akimweleza mgeni kwa upole kabisa, "Ndiye yule mzee aliyeizima Tigre kwa wivu." Nilikuwa nimeshika sinia la kahawa. Niliwapitishia vikombe.

Lakini Jumatatu ile, kesho yake tu baada ya shindano, bado ningeweza kufanya kitu. Asubuhi nililifungua gurudumu dukani kwa spana, Wílmar akiwa amesimama nyuma yangu. Mpira ulikuwa umeyeyuka na kushikana, mita arobaini na saba zote bonge moja, kama sukari guru iliyoachwa kwenye mvuke. Katikati shaba ilikuwa imeanza kuchungulia, uzi kando ya uzi. Dakika chache zaidi nyuzi zile zingegusana na kutoa moto, pale pale kando ya mtungi wa gesi wa Doña Ubaldina na umati wote ule usio na pa kukimbilia.

Wílmar alitazama kwa muda. Ukweli ni kwamba alibadilika rangi.

"Funika," akasema. "Nitaleta lingine. Na usimwambie mtu."

"Sawa, bosi."

Nilikata kipande kwa msumeno alipotoka kupokea wateja, nikakificha kwenye mkoba. Nilipita na mkoba huo mbele ya muuza soseji. Nilipita mbele ya meza ya domino, wanaume sita wamekaa, mmoja akanisalimu, nikaitikia. Nilipita kwa Doña Ubaldina akiosha karai lake. Njia nzima nilijiona jasiri.

Baba alikuwa akila chakula cha mchana, muhogo wa kusaga na jibini, peke yake. Nilikitoa kile kipande nikakiweka mezani mbele yake.

"Tazama, baba. Ulikuwa sahihi. Ungechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazika watu leo."

Alikichukua, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole gumba pale shaba ilipotokeza. Nilingoja.

"Umemwonyesha nani?"

"Wewe."

"Mimi nilikuwa najua, mwanangu," akasema. Akakisogeza pembeni, akaniomba nimpe jibini.